Alizeti imezidiwa na magugu: nipige dawa ya mahindi?

SWALI: Nimelima alizeti ekari 4 huku Kongwa. Ina wiki tatu tangu iote, na magugu yanaizidi. Vibarua wa palizi ni ghali. Muuza pembejeo kanishauri 2,4-D, maana jirani aliipiga kwenye mahindi, magugu yakakauka na mahindi yakabaki mazima. Nipige kiasi gani kwa ekari?

JIBU: Ndugu yangu, usipige hata kifuniko kimoja.

Swali hili linanifikia kila masika, na mara nyingi dawa imeshapigwa. 2,4-D iliyaacha mahindi ya jirani kwa sababu mahindi ni jamii ya nyasi. Inaua majani mapana, na alizeti ni jani pana, sawa na mashona nguo unayotaka kuiua. Shina litajipinda, majani yatajikunja, na mche usipokufa utazaa kichwa kibovu. Aliyekushauri ameuza dawa bila kujali umepanda nini. Hata bomba la jirani usiliazime: mabaki yaliyomo yanatosha kuiunguza alizeti.

Unachohitaji ni palizi, wiki hii. Alizeti huumizwa na magugu zaidi katika wiki nne hadi sita za mwanzo. Ikishafunga mistari, kivuli chake kinayazuia. Kwa mvua zetu, ambazo Februari hupenda kukatika, kila gugu linakunywa maji ya kichwa cha alizeti. Kama ulipanda mistari ya sentimita 75, pitisha jembe la palizi la maksai katikati. Vibarua wabaki na kazi ya kati ya shina na shina tu, na hapo ndipo gharama inaposhuka. Papo hapo wapunguze miche, ubaki mche mmoja kila shimo. Chagua siku ya jua, kwani gugu lililong'olewa kwenye tope hushika tena. Fedha isipotosha, bora ekari mbili zipaliliwe vizuri sasa kuliko nne mwezi ujao.

Dawa za alizeti zipo. Pendimethalini hupigwa baada ya kupanda, kabla haijaota, udongo ukiwa na unyevu. Kwako wakati huo umepita. Fluazifopu huua nyasi ndani ya alizeti iliyoota, lakini majani mapana inayaacha, na ndago pia, maana ndago si nyasi.

Kinachoniudhi ni hii "dawa ya magugu" inayopimwa dukani kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo, bila jina. Hakuna dawa moja ya magugu! Kila moja ina zao lake na wakati wake. Dai chupa iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), na usome kama zao lako limetajwa. Na anayepiga dawa ya magugu ya atrazini kwenye mahindi mwaka huu asome pia kipengele cha zao linalofuata: katika udongo mkavu kama wetu hukaa muda mrefu, na alizeti ya msimu ujao inaweza kuota, ikapauka, ikafa.