Njia panda za Out Run

SWALI: Mhariri, nimemaliza Out Run mara mbili, na kila mara nimeishia mahali tofauti. Kwa nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mchezo huo wa video wa kuendesha gari, uliotolewa na kampuni ya Sega mwaka 1986, uliobuniwa na Yu Suzuki, una miisho 5, kwa sababu gari lako jekundu la wazi, mfano wa Ferrari Testarossa, hufikia njia panda kila hatua inapokaribia kuisha, isipokuwa ya mwisho, hivyo kati ya hatua 15 zilizomo utapita 5 tu. Mshindani wako halisi ni saa. Ukigonga kizuizi kwa kasi, gari hubiringika na abiria hurushwa nje huku sekunde zikiyoyoma. Kwa maoni yetu, raha huanza hata kabla ya kuondoka, pale unapochagua redioni kibao kimoja kati ya vitatu.