Dizeli yako haijaharibika

Ndugu, umeuliza kwa nini gari lako la dizeli limeandikiwa kilomita 20 kwa lita na hapa Kisumu unapata 12. Namba hiyo ilitoka maabara: kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilichukua dakika 20 hivi, AC imezimwa, mlima hakuna. Kipimo kipya, WLTP, kilianza kuchukua nafasi yake mwaka 2017.

Kinachokula mafuta hasa ni safari fupi. Kutoka Kondele hadi mjini injini haijashika joto, na dizeli huchelewa kupata joto kuliko petroli. Kama lina DPF, yaani kichujio cha masizi kwenye ekzosi, masizi yanajaa, kisha gari linachoma mafuta ya ziada kuyateketeza. Kwa mtu wa mjini tu, mimi ningemwambia achukue petroli ndogo.

Pima mwenyewe: jaza tangi hadi pampu ijikate, andika kilomita, tembea wiki nzima, jaza tena pampu ile ile, gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza mara ya pili. Skrini ya dashibodi mara nyingi hulipendelea gari. Na ukienda Nakuru kupitia Kericho, hesabu kwenda na kurudi pamoja, maana kutoka Ahero hadi Mau Summit unapanda zaidi ya mita 1,000.