Ukiitwa Kukalia Kiti cha Kocha Mkongwe, Usiitikie Siku Hiyo Hiyo

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa msomaji, binti wa Kikenya ambaye ni kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu kwenye chuo kimoja huku Marekani. Kocha wake mkuu anastaafu baada ya misimu ishirini na ushei. "Dada, mkurugenzi wa michezo ameniita ofisini, amesema kiti ni changu nikikitaka. Nimelia kwa furaha. Unanishauri nini?"

Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya mafuta, na aliyekuwa nyuma yangu alinipigia honi mara mbili kabla sijasogea. Miaka saba iliyopita mimi ndiye nilikuwa huyo binti. Mimi nililia palepale mbele ya mkurugenzi, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza, maana anayelia kwa shukrani haulizi habari za mkataba.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua nilivyofika huku, nisiwachoshe: Tanga, skolashipu, goti likaniacha mwaka wa pili, nikabaki na timu nikibeba maji na kufua jezi mpaka nikapewa usaidizi. Chuo chenyewe kidogo, Tennessee, mwendo wa saa mbili kutoka Knoxville. Kocha alikuwa amekaa pale misimu 31. Tulimwita Kocha tu, jina hakuna aliyelitumia, nadhani hata mumewe. Nimekaa kando yake kwenye benchi misimu tisa. Nilijua akikunja mikono ya shati anataka timu ikabe uwanja mzima, na akiishusha ameshakata tamaa na mwamuzi.

Alipotangaza kuondoka, chuo hakikutafuta mtu. Hakikutangaza nafasi, hakikumhoji mtu mwingine hata mmoja. Mkurugenzi aliniambia, "Wewe ni mtu wa nyumbani, na hatutaki chochote kibadilike." Nikaona nimesifiwa. Ilinichukua miaka mitatu kuelewa kwamba nilikuwa nimepewa kazi isiyofanyika: uwe mtu mwingine, halafu ushinde kama yeye.

Jioni nikampigia mama. Akashangilia, akaita majirani, kisha akauliza, "Na huyo mwenyewe anaenda wapi?" Nikamwambia haendi popote, anabaki mjini, atakuwa anakuja kutuangalia. Mama akanyamaza. "Haya, Mungu akutangulie." Wanaomjua mama yangu wanajua akisema hivyo ameona shimo.

Walifanya sherehe ukumbini, keki, machozi, na Kocha akanivisha filimbi yake shingoni. Hilo waliliiga kutoka Knoxville. Aprili 2012, Pat Summitt, kocha wa wanawake wa Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko kule, alipoachia timu, alimkabidhi filimbi msaidizi wake Holly Warlick mbele ya waandishi wa habari. Tuliangalia kwenye televisheni ya ofisini, Kocha akilia, mimi nikilia. Tulilia sana enzi zile.

Na mimi nilikuwa na sababu zote za kujua yatakayonikuta, kwa sababu kisa chenyewe kilikuwa kinaendelea jirani. Summitt alipewa timu mwaka 1974 akiwa na miaka 22, enzi ambazo kocha wa wanawake alifua jezi mwenyewe na kuendesha mwenyewe gari la timu. Akakaa misimu 38, akashinda mechi 1,098, akachukua ubingwa wa taifa mara 8. Mwaka 2011 akatangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, naye alikuwa bado hajafika sitini. Msimu wa mwisho alikaa kwenye benchi huku Warlick akibeba sehemu kubwa ya kazi. Warlick alikuwa amemchezea, kisha akawa msaidizi wake miaka 27. Nani angethubutu kusema atafutwe mwingine? Mimi nisingethubutu.

Warlick akashinda mechi 172 na kupoteza 67 kwa misimu saba. Akafika nane bora ya mashindano ya taifa mara tatu. Chuo kingine kingempa jina la barabara. Pale aliandamwa kila mwezi Machi, mwezi wa mashindano hayo, maana Summitt alizoea kuingia nne bora kama mtu aingiavyo sebuleni kwake. Na watu walisahau jambo moja: zamani vyuo vilivyoweka fedha kwenye timu za wasichana vilikuwa vya kuhesabu, na Tennessee ilikuwa mbele yao. Warlick alipopokea, wengine walikuwa wameshaamka, wana viwanja, wana fedha, wana makocha wakali kwenye ligi ileile. Machi 2019 akafukuzwa. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa namaliza msimu wangu wa kwanza. Habari ilinikuta kwenye basi tukirudi kutoka kufungwa, nikazima simu.

Sasa niseme la safu ya nne.

Kocha alichagua kiti safu ya nne, upande wa benchi letu. Alikuja na mto wake wa kukalia na mfuko wa karanga. Hakuwahi kunisema vibaya, hakunipigia simu usiku, hakuingilia, nasema hivi ili nisimdhulumu. Alikaa tu. Msimu wa pili, mechi ya nyumbani, tuko nyuma pointi sita, nikaomba mapumziko mafupi. Nimepiga goti, nina ubao mkononi, nachora. Nikainua macho. Wasichana watano wamenizunguka, na watatu kati yao wanaangalia juu ya bega langu. Nikajua bila kugeuka. Kocha alikuwa anakunja mikono ya shati.

Nilifuta nilichochora nikaamuru wakabe uwanja mzima. Tukashinda. Usiku ule sikulala, kwa sababu nilijua timu si yangu.

Kuna na wazazi. Ukienda kumwomba mzazi akupe binti yake, unakaa sebuleni kwao, unapewa chai ya barafu yenye sukari ya kuua, unaeleza mipango yako yote, na mwishoni mama wa binti anauliza, "Kocha bado huja mazoezini?" Niliulizwa hivyo nyumba baada ya nyumba. Mwanzoni nilijibu ndiyo kwa tabasamu. Baadaye nilijibu ndiyo bila tabasamu.

Msimu wa tatu niliondolewa. Barua yenye aya mbili. Aliyeletwa baada yangu alitoka jimbo lingine, hamjui mtu, akapewa mkataba mrefu kuliko wangu na ruhusa ya kubadilisha kila kitu, mpaka rangi ya vyumba vya kuvalia. Anafanya vizuri. Nimesema anafanya vizuri, basi.

Sasa mdogo wangu, hapa ndipo napotaka unisikilize. Utaambiwa kwamba tatizo ni kuchagua mtu wa ndani. Nilikuwa naamini hivyo kwa hasira, na si kweli. Tennessee baada ya Warlick wakamchukua Kellie Harper, aliyekuwa mchezaji wa Summitt na kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1996 mpaka 1998. Miaka mitano, akaondolewa mwaka 2024. Ndipo wakamleta Kim Caldwell kutoka chuo cha Marshall, mtu asiye na undugu wowote na pale, anayetoa wachezaji watano kwa mpigo na kuingiza watano na kukaba dakika zote arobaini. Msimu wake wa kwanza wakafika kumi na sita bora. Angalia walichohitaji: miaka 12 ya kumtafuta Summitt ndani ya watoto wake.

Lakini angalia pia chuo cha Notre Dame. Kocha wao Muffet McGraw alipostaafu mwaka 2020 walimchukua Niele Ivey, wa ndani kabisa, alicheza kwenye timu iliyotwaa ubingwa wa 2001, akawa msaidizi miaka mingi. Tofauti ni kwamba kabla ya kupewa kiti aliondoka. Alikaa msimu mmoja kwa Memphis Grizzlies, akifundisha wanaume wa NBA. Aliporudi hakuwa tena binti wa nyumbani aliyerithishwa sufuria, alikuwa mtu aliyeitwa kutoka kwake. Mimi sikuwahi kuondoka hata msimu mmoja. Nilijivunia hilo! Nililiandika kwenye maelezo yangu ya kazi kama sifa.

Na muda. Chuo cha Stanford, kocha Tara VanDerveer alipoondoka mwaka 2024 na ushindi wake 1,216, kiti akapewa Kate Paye, mchezaji wake wa zamani. Msimu wa kwanza ameshinda 16, amepoteza 15, na Stanford ikakosa mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza tangu 1987. Wachezaji wakubwa walikuwa wameondoka, chuo kimehamia ligi ya upande wa pili wa nchi. Hawakumtupa. Mimi msimu wa kushinda nusu na kupoteza nusu ndio ulionifuta kazi.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Kim Mulkey, ingawa mwenyewe ana maneno makali na si kila mtu anampenda. Alicheza chuo cha Louisiana Tech, akatwaa ubingwa, akawa msaidizi pale miaka 15. Mwaka 2000 kocha mkuu, Leon Barmore, akatangaza kustaafu, kila mtu akajua kiti ni cha Mulkey. Akaomba mkataba wa miaka mitano. Chuo kikakataa kufika huko. Mwanamke huyo akafunga virago akaenda chuo cha Baylor, timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi 7 na kupoteza 20. Mwaka 2005 akawa bingwa wa taifa. Mwaka 2012 akawa bingwa bila kufungwa, mechi 40, na timu aliyoitoa kwenye nane bora mwaka ule ni ya Summitt, ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya mama yule. Louisiana Tech hawajarudi nne bora tangu 1999. Barmore mwenyewe baadaye alikwenda Baylor kuwa msaidizi wa yule aliyekuwa msaidizi wake. Nikikumbuka hilo hucheka peke yangu jikoni.

Kwa hiyo omba miaka. Wakikupa mitatu, omba mitano. Wakisema wewe ni mtu wa nyumbani, omba mitano. Uliza kama utaruhusiwa kuleta wasaidizi wako, maana mimi nilirithi wasaidizi wa Kocha, na kila nikisema jambo waliangaliana. Na ninyi mnaochagua, kama kuna mmoja anayesoma hapa: msichague wiki ya keki. Acheni machozi yakauke. Mhojini hata yule mnayemjua, hasa yule mnayemjua, muulizeni atabadilisha nini, na akisema hatabadilisha kitu, muulizeni tena. Mnamtwisha mtu mzigo wa miaka 31 halafu mnamhesabia miezi. Si haki. Nimekaa na neno hilo muda mrefu, leo nimelisema.

Mimi sasa nafundisha wasichana wa sekondari, tuna kombe la wilaya kabatini, sijambo. Filimbi ya Kocha ninayo kwenye droo ya meza, situmii, nina yangu ya plastiki ya dola tatu.

Nilimjibu yule binti usiku uleule, kwa urefu kuliko hivi. Akanijibu mstari mmoja: "Asante dada, ila wanataka jibu kesho saa nne asubuhi." Nikamuuliza kocha wake akistaafu atahamia wapi. Hajanijibu bado.