Ukifanya kazi kwa pesa ya Waingereza, jua kwanza inavyoendeshwa kwao

Ndugu mnaoanza kazi kwenye miradi ya wakimbizi hapa Uganda, iwe kambi ya Nakivale, Kyangwali au Bidibidi, wiki ya kwanza mtafundishwa kujaza fomu. Fomu hamtashindwa. Kitakachowatesa ni kutojua aliyeitaka fomu hiyo anamwogopa nani. Nitazungumzia Waingereza, maana hao ndio ninaowafahamu zaidi.

Wanaogopa Bunge lao. Tangu 2011 wana tume huru, ICAI, inayochunguza misaada na kuripoti bungeni. Kwa hiyo ofisa wao wa Kampala anayekusumbua kwa risiti ya mafuta hakudharau, naye ataulizwa.

Wakongwe bado wanasema "DFID", yaani idara yao ya zamani ya misaada. Idara hiyo iliundwa 1997 ikiwa na waziri wake, lakini Septemba 2020 iliunganishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, ikazaliwa wizara moja iitwayo FCDO. Siku hizi misaada na diplomasia ziko nyumba moja, na mimi naona diplomasia ndiyo yenye sauti.

Kiasi cha pesa nacho hakipangwi kwa kuangalia shida zetu. Kinakatwa kama asilimia ya pato lao la taifa. Walifikia asilimia 0.7 mwaka 2013 na kuiwekea sheria 2015. Mwaka 2021 wakashuka hadi 0.5, na Februari 2025 serikali ikatangaza kwamba itafika 0.3 ifikapo 2027. Uchumi wao ukiyumba, fungu linapungua hata kama hakuna aliyekukasirikia. Tena si pesa yote inayovuka bahari: kanuni za nchi wafadhili zinaruhusu gharama za mwaka wa kwanza za wanaoomba hifadhi kwao kuhesabiwa kama msaada, na mwaka 2023 zilimeza zaidi ya robo ya fungu lote. Yaani Mkongomani wa Nakivale na mwombaji hifadhi aliyelazwa hotelini Uingereza wanakula sahani moja. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na hoteli hatuna za kuwapa.

Sasa kalenda, na hapa sikilizeni vizuri. Mwaka wao wa bajeti unaanza Aprili na kuisha Machi. Wa serikali yetu unaanza Julai. Ile asilimia nayo inahesabiwa Januari hadi Desemba. Basi Februari msishangae simu zikianza: mmetumia kiasi gani, kimebaki nini? Manunuzi makubwa yapangeni yaishe kabla ya Krismasi, maana kibali cha wilaya hakiharakishwi na Machi ya London. Muulizeni pia mhasibu kama mkataba unalipa kabla au baada ya kazi. Mingi inalipa baada, na shirika dogo lisilo na akiba litakopa ili kulipa mishahara.

Kwa nini mikono ni mingi hivi kati ya London na kijiji? Sababu moja ni ya 2012. Mkaguzi Mkuu wa Uganda alifichua wizi, katika Ofisi ya Waziri Mkuu, wa fedha za kuijenga upya kaskazini baada ya vita. Uingereza, Ireland, Norway na Denmark zikasimamisha misaada iliyopitia serikalini. Ireland ilirudishiwa pesa zake, lakini imani haikurudi kirahisi hivyo. Leo pesa hupitia zaidi mashirika ya Umoja wa Mataifa, kampuni za ushauri na mashirika makubwa, ndipo ikufikie. Kila mkono unakata chake na kuongeza fomu yake. Mwendesha boda hatoi risiti, kwa hiyo ombeni mapema karatasi ya kusaini yenye jina la steji yake na namba ya simu.

Mwisho, fungueni DevTracker, tovuti ya Waingereza ya miradi yao ya misaada. Tathmini za kila mwaka za miradi zimewekwa humo, pamoja na alama kuanzia A++ hadi C. A maana yake mmefanya mlichoahidi, inatosha. Someni ya mradi uliowatangulia wilayani kwenu, hasa ukurasa wa mapendekezo: maswali ya ofisa atakapokuja ziarani yatatoka humo.