Kulitamka neno “hypoglycaemia”: ushauri kwa wanaoanza uuguzi na utabibu

Kwa ninyi mnaoingia vyuoni mkiwa mmesoma na kuishi kwa Kiswahili, neno la kwanza ambalo ningewashauri mlikatekate mpaka mlimudu ni “hypoglycaemia”, yaani kushuka kwa sukari katika damu. Waingereza hulitamka kwa silabi sita: hai-po-glai-sii-mi-a. Sisi, kwa kuwa kila irabu ya Kiswahili hubeba silabi yake na ulimi uliozoea kusema gilasi hupenda kuitenga g na l, huelekea kusema ha-i-po-gi-la-i-si-mi-a, silabi tisa. Jizoezeni kutamka “hai” na “glai” kila moja kwa pigo moja la sauti.

Mkazo ndio mgumu zaidi. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi hukimbilia “mi”, ilhali Mwingereza hukazia “sii”, ambayo ni ya tatu kutoka mwisho. Jambo hili si geni kwenu: ndivyo wengi tunavyotamka “lazima”, na ndivyo “barabara” yenye maana ya sawasawa inavyotofautiana na barabara ya magari. Mkishalizoea, mtakuwa mmepata pia “anaemia”, “leukaemia” na “septicaemia”, kwa kuwa yote huishia vivyo hivyo. Maneno kama “hepatitis” hayana shida hiyo. Mkazo wake umekaa pale pale Kiswahili kinapoupenda. Herufi “ae” nazo zisiwasumbue: Wamarekani huandika “e” peke yake, na mkazo haubadiliki.

Lafudhi yenu msiionee haya, na anayewacheka kwa ajili yake ana muda mwingi wa kupoteza. Kinachonitia wasiwasi ni silabi ya pili. Katika matamshi ya Uingereza, “hypo” na “hyper”, yaani kupanda, hutenganishwa na irabu moja tu, maana “r” ya mwisho haisikiki. Aliyevaa barakoa au anayezungumza kwa simu akiimeza irabu hiyo, mgonjwa anayehitaji glukosi anaweza kuandaliwa insulini, dawa ya kushusha sukari. Mnapokabidhiana zamu, itamkeni “po” kwa ukamilifu, tajeni kiwango pamoja na kizio chake, kwa mfano milimoli 2.8 kwa lita, kisha mwambieni anayepokea, kwa Kiswahili, kwamba sukari imeshuka, hata kama ripoti yote inasomwa kwa Kiingereza.