Peke Yangu kwenye Kayaki, Dubu Wako Ufukweni: Nijilindeje?

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Seattle. Mwezi wa 7 nimekusudia kwenda Glacier Bay, ghuba iliyo ndani ya hifadhi ya taifa huko Alaska, kupiga kafi peke yangu kwenye kayaki, yaani mtumbwi mwembamba, kwa wiki nzima na kulala kwenye hema ufukweni. Bahari ninaijua tangu utotoni, ila dubu simjui. Jamaa wananitisha, na mmoja ananisihi nibebe bunduki. Nifanye nini?
Msomaji, Seattle

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza mapema. Glacier Bay ina dubu weusi, wanaoonekana zaidi kwenye misitu ya kusini, na dubu wa kahawia, ambao ni wakubwa zaidi na huonekana sana upande wa kaskazini, karibu na barafu. Wote hushuka pwani kula majani, hupindua mawe maji yakipwa ili wapate vyakula vya baharini, na samaki aina ya samoni wanapopanda mito, dubu hukusanyika huko. Kwa hiyo ufukwe unaotaka kulala ndiyo njia yao na ndipo wanapopata chakula. Kinga yako kubwa ni kuchagua vizuri pa kulala na kudhibiti harufu. Silaha hufuata baadaye sana.

Kabla hujashusha mzigo, tembea ufukwe wote huku ukipiga makofi na kuongea kwa sauti. Angalia kama kuna nyayo, mavi, ardhi iliyofukuliwa au magome ya miti yenye manyoya yaliyonasa. Ukikuta dalili mbichi, rudi kwenye kayaki hata kama mikono imechoka. Epuka midomo ya mito yenye samoni, epuka vichaka vya matunda, na zaidi ya yote epuka ufukwe mwembamba uliobanwa kati ya maji na jabali, kwa sababu dubu anayepita hapo hana pa kukuzungukia na atalazimika kupita pale pale ulipolala.

Kuhusu chakula, hifadhi hiyo inamtaka kila anayekwenda kulala nje katika majira hayo awe na kibali, ahudhurie maelekezo kwenye kituo cha hifadhi pale Bartlett Cove, na atunze chakula ndani ya makasha magumu ambayo dubu hawezi kuyafungua. Makasha hayo huazimwa bure hapo hapo. Usitegemee kuning'iniza chakula mtini. Mwaka 1794 mabaharia wa Kapteni George Vancouver waliikuta ghuba hiyo karibu yote ikiwa barafu, na kwa kuwa ardhi ya kaskazini ilifunuliwa baadaye sana, sehemu kubwa yake bado haina miti mirefu ya kuning'inizia. Ndani ya kasha tia pia dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujikinga na jua na takataka zote. Usiache chochote chenye harufu ndani ya kayaki, kwani dubu akiipasua, utakuwa umepoteza chakula na usafiri kwa pamoja.

Pika na kula kwenye ukanda unaofunikwa na maji yakijaa, angalau mita 100 kutoka kwenye hema. Wewe wa Tanga unakujua kupwa na kujaa, lakini huko tofauti yake inaweza kuzidi mita 7. Maji yataondoa makombo na harufu, na yatachukua pia kayaki na kasha ukiviacha chini. Unapopika, toa unachohitaji tu na ulifunge kasha papo hapo, ili dubu akitokeza ukusanye kila kitu na kuingia majini bila kumwachia hata punje. Dubu aliyeonja chakula cha binadamu hurudi kukitafuta, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa.

Upweke una madai yake. Watu wakiwa kundi hupiga kelele bila kukusudia, ilhali wewe inakubidi ukusudie: imba na kuongea, hasa kwenye vichaka vizito na kando ya mito inayonguruma. Mwachie mtu ratiba yako, na kifaa cha setilaiti cha kuombea msaada ukivae mwilini.

Bunduki sikushauri. Kumlenga mnyama anayekuja mbio ukiwa umeshtuka ni kazi ya mtu aliyefunzwa barabara. Beba pilipili ya kupulizia iliyotengenezwa kwa ajili ya dubu. Utafiti wa Tom Smith na wenzake uliochapishwa mwaka 2008, kuhusu matukio ya Alaska, ulionyesha kwamba ilimkomesha dubu wa kahawia katika zaidi ya matukio 9 kati ya kila 10. Haikubaliwi kwenye ndege za abiria, hata ndani ya mizigo, kwa hiyo panga kuinunua huko huko Alaska. Usiipulize juu ya hema ukidhani itamfukuza, kwa sababu mabaki yake yanaweza kumvuta.

SWALI: Na dubu akinikabili ana kwa ana?
Msomaji, Anchorage

JIBU: Usikimbie, dada yangu, kwani dubu hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Simama, sema naye kwa sauti tulivu, punga mikono polepole, kisha rudi nyuma taratibu. Akikufuata, simama tena. Akija mbio, anza kupuliza akiwa umbali wa mita 9 hivi, ukielekeza chini kidogo mbele yake ili aingie ndani ya wingu la pilipili.

Dubu wa kahawia aliyeshtushwa au mwenye watoto akikushika, lala kifudifudi, tanua miguu, funika kisogo kwa mikono, na utulie hadi aondoke. Asipoacha, au akiwa dubu mweusi, au dubu yeyote aliyekufuata ndani ya hema, pigana naye kwa kila ulichonacho ukilenga uso na pua. Kopo la pilipili livae kifuani, juu ya jaketi la kujiokolea, na ujizoeze kulichomoa na kuondoa kizuizi kwa kidole gumba. Yapo makopo ya mazoezi yasiyo na pilipili. Nunua moja, ulipulize nyumbani siku yenye upepo, uone jinsi wingu linavyopinda.