Binti Yangu Anaabudu Bila Kuimba

SWALI

Mhariri mpendwa,

Nimelelewa katika Kanisa la Friends, yaani Wakweka, hapa Vihiga, magharibi mwa Kenya, na mpaka leo naimba kwaya ya akina mama. Binti yangu ni muuguzi Birmingham, Uingereza. Nilipomtembelea mwaka jana alinipeleka kwa Wakweka wenzetu wa huko. Hapakuwa na mchungaji, mimbari wala wimbo hata mmoja. Watu walikaa kwenye viti vilivyopangwa duara, wakanyamaza karibu saa nzima. Mzee mmoja alisimama, akasema machache kuhusu jirani yake mgonjwa, akaketi, na kimya kikaendelea mpaka wazee wawili waliposhikana mikono kuashiria kwamba ibada imekwisha. Wakati wa chai mwanamke mmoja aliniambia waziwazi kwamba yeye hajiiti Mkristo. Nilimwambia binti yangu kwamba ile si ibada na kwamba amepotea. Tangu hapo akipiga simu huniuliza afya na mvua, kisha huaga. Sitaki kumpoteza, lakini siwezi kujifanya nimependa nilichokiona. Nifanyeje?

Mama wa Vihiga

JIBU

Mama mpendwa,

Sikuombi ujifanye. Naomba kwanza tutazame ule ukimya umetoka wapi, maana umo katika ukoo wa kanisa lako mwenyewe.

George Fox, mwanzilishi wa Wakweka, na wenzake walipoanza kukusanyika kaskazini mwa Uingereza katikati ya karne ya 17, waliamini kwamba Kristo humfundisha mtu moyoni bila kuhitaji kasisi wa kusimama kati yao, na kwa hiyo walikaa pamoja wakingoja, mpaka mmoja wao aguswe kusema. Wengi walifungwa jela kwa kuabudu hivyo. Karne mbili baadaye uamsho ulipoenea Marekani, makanisa mengi ya Friends ya huko yakaanza kuajiri wachungaji na kuimba tenzi, na ni kutoka upande huo walikotoka wamisionari Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, waliofika Kaimosi, huko huko Vihiga, mwaka 1902. Walileta ibada waliyoizoea wao, na wazee wetu wakaipokea na kuitia sauti zao, ikawa yetu kweli. Kwa hiyo nyimbo zako na ukimya wa binti yako ni matawi ya shina moja. Hata jambo ambalo majirani zako Wakatoliki na Waanglikana hulishangaa, kwamba kwenu hakuna ubatizo wa maji wala mkate na divai, linatokana na imani ileile ya kwamba kazi ya Mungu hufanyika ndani ya mtu. Mwaka 2012 Marafiki (ndivyo Wakweka wanavyojiita) kutoka pande zote za dunia walikutana Kabarak, karibu na Nakuru, na wanaoimba na wanaonyamaza wakakaa chini ya paa moja.

Kuhusu yule mwanamke wa kwenye chai, una haki ya kushtuka. Ni kweli kwamba miongoni mwa Wakweka wa Uingereza wako wasiojiita Wakristo, na jambo hilo huwaumiza Marafiki wengi wa Afrika Mashariki. Kumheshimu hakukulazimishi kukubaliana naye. Lakini mama, yule aliyekuambia maneno hayo hakuwa binti yako, na katika barua yako yote sioni mahali ulipomuuliza mwanao yeye anaamini nini, wala kimemvuta nini mahali pale. Huenda mtu anayeshinda wodini kati ya kengele za mashine na vilio vya wagonjwa huhitaji saa moja ambayo hakuna anayemwita. Hilo ni wazo langu tu. Jibu analo yeye.

Basi muulize. Siku atakapopiga simu, habari za mvua zikiisha, mwambie: “Mwanangu, unapokaa pale kimya, moyoni huwa unafanya nini?” Kisha mwache aseme mpaka amalize, na akimaliza usimjibu papo hapo. Katika ibada uliyoiona, mtu akishasema wengine hunyamaza kwa muda kabla ya mwingine kusimama, ili maneno yale yapate nafasi ya kuingia. Mpe nafasi hiyohiyo kwenye simu, hata kama utahisi dakika zinapotea. Baada ya hapo mweleze na wewe ukweli wako, kwamba bila wimbo unajiona kama uliyeachwa nje ya mlango. Atakuelewa, kwani amekua akikusikia ukiimba.

Jambo moja nakusihi uliepuke: usipeleke habari zake kwenye kikao cha akina mama ili aombewe kama mtoto aliyepotea. Najua hufanywa kwa upendo, ila akija likizo ya Desemba atakuta kanisa zima limeshamhukumu, na wala hatakuwa na mahali pa kujieleza. Akija, nendeni naye kanisani, aimbe akitaka, na asipotaka akae tu kando yako.

Lile neno “umepotea” lakini lisingoje Desemba. Ulilisema wewe ukiwa mgeni nyumbani kwake, naye kwa adabu ya mtoto kwa mzazi hawezi kukuambia ulifute. Mpigie wewe safari hii, na ulifute kabla hujamuuliza lolote.